Breki za Carina zinakuwa ngumu kama jiwe gari likipata moto. Fundi mmoja anasema busta, mwingine masta silinda, wa tatu pedi. Wazoefu wa Tanga nisaidieni

Makorora Moja:

Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga mjini. Gari ni Carina Ti, injini 5A, otomatiki, ninalo mwaka wa 6 sasa na halijawahi kunisumbua kwa jambo la kutisha.

Shida ni breki. Asubuhi nikitoka nyumbani ziko safi kabisa, unagusa tu linatulia. Nikishazunguka kama saa nzima, hasa mchana na jua letu hili, pedeli inaanza kukaza. Haishuki. Ni kama umekanyaga kizingiti cha mlango. Gari linasimama, ila kwa nguvu za mguu wangu, na linasimama mbele ya pale nilipotaka.

Nilivumilia wiki mbili nikijua ni pedi zimeisha. Jumamosi iliyopita ndiyo nikakoma. Tulikwenda Lushoto kumsalimia shemeji, tukarudi na viroba viwili vya viazi na kabichi nyuma. Wanaoijua barabara ya kutoka Soni kushuka Mombo hawahitaji kusimuliwa: kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande huu, korongo upande ule. Nikaweka gia ya 2 kama nilivyofundishwa ili nisizichoshe breki. Tumeshaipita Soni, kona ya tatu au ya nne, nakanyaga: jiwe. Nikaachia, nikakanyaga tena: jiwe zaidi ya lile la kwanza. Mke wangu akaniuliza, "Mbona unainuka kwenye kiti?" Nilikuwa nimesimama juu ya pedeli kwa miguu yote miwili. Nikashusha gia hadi L, nikawa navuta handbreki kidogokidogo, tukaja kutulia pembeni pale akina mama wanapopanga matunda.

Mke wangu hakusema neno. Akateremka, akanunua plamsi, akala moja polepole mpaka kokwa, ndipo akasema: "Mimi nashuka Mombo na basi."

Fundi wa kwanza kuliona gari alikanyaga mara mbili, akafungua boneti, akasema busta imekufa. Nikaagiza ya mtumba, ikaletwa na basi kutoka Dar, 120,000. Iko hapa sebuleni nyuma ya mlango. Kabla haijafungwa fundi wa pili akasema siyo busta, ni masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni. Wa tatu kasema hao wote waongo, ni pedi. Sasa kabla sijatoa shilingi nyingine, naomba mwenye uzoefu aniongoze.

Bao la Kete:

Pole sana mkuu. Ila shemeji kala plamsi kwanza ndiyo akatoa hukumu, huyo ni mwanamke wa Tanga haswa. Mimi sina la kuchangia, nimekaa mkao wa kula nasubiri wataalamu.

Chungwa la Muheza:

Mkuu ni pedi. Ule mteremko umezipika. Pedi ikipata moto kupita kiasi inang'aa juu kama kioo, unakanyaga inateleza tu kwenye diski. Ilinikuta na Noah yangu. Weka pedi mpya, piga msasa diski, maisha yanaendelea.

Makorora Moja:

Kiongozi, hilo nililiwaza. Lakini hapa mjini nikitoka Chumbageni kwenda Kange hakuna mteremko wowote na bado inakaza. Harufu ya kuungua sikuisikia, hata pale Soni. Mafuta ya breki kwenye kikombe yako kwenye mstari wake, hayajapungua.

Spana Kumi na Mbili:

Salaam kwenu nyote. Naona vijana mnampeleka mwenzenu dukani kabla hamjampeleka kwenye pedeli.

Pedeli ngumu na pedeli inayozama ni maradhi mawili, na dawa zake haziingiliani. Inayozama, au laini kama sponji, hiyo utafuta upepo kwenye mfumo, uvujaji, au masta silinda inayopitisha ndani kwa ndani. Hata mafuta ya breki yakichemka mteremkoni pedeli inalegea, haikazi. DOT 3 mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 za selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu yanaweza kushuka hadi 140, na sisi watu wa pwani unyevu tunao wa kugawa. Kwa hiyo kama yako ni ngumu, aliyekutajia masta silinda amekosea mlango.

Pedi zilizopikwa, anazosema ndugu yangu wa Muheza, nazo zinafanya gari lisisimame. Lakini hapo pedeli inashuka mpaka pale ilipozoea kushuka, tatizo gari ndiyo halishiki, na pua yako itakwambia. Ya kwako haishuki. Imesimama juu kama gogo. Hiyo ni pedeli iliyokosa msaada.

Msaada unatoka kwenye kile chungu cheusi cha bati nyuma ya masta silinda, ndiyo busta, wazee wa malori tunaita hadrovaki. Ndani kuna mpira mpana umekigawa vyumba viwili. Injini ya petroli ikiwaka na throto, yaani mlango wa hewa ya injini, ikiwa imefungwa, pistoni zinavuta hewa zisiipate vizuri, kunakuwa na utupu kwenye manifodi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Utupu huo unapita kwenye mpira mwingine wa bomba, mmoja tu, mnene kama kidole gumba, unanyonya hewa ya vyumba vyote viwili. Ukikanyaga, chumba cha upande wako kinafunguliwa na hewa ya nje inaingia, cha mbele kinabaki kitupu. Hewa inausukuma ule mpira mpana, nao unasukuma masta.

Usione ni hewa ukaidharau. Chungu cha upana wa sentimita 23 kina uso wa sentimita za mraba kama 415. Injini nzima kwenye silensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, inakupa tofauti ya 0.6 hadi 0.7 ya kilo kwa kila sentimita moja ya mraba. Zidisha mwenyewe: unazungumzia kilo 250 na kitu. Hao ni watu wazima wanne wanakusaidia kukanyaga. Wakigoma, umebaki na mguu wako.

Sasa pima. Huhitaji kifaa.

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga na kuachia mara tano au sita mpaka pedeli ikaze. Ishikilie hapohapo kwa nguvu ya wastani, halafu washa gari. Pedeli inatakiwa ishuke kidogo yenyewe chini ya mguu wako. Isiposhuka, msaada haujafika.

Pili, acha gari liungurume dakika moja au mbili, zima, kanyaga taratibu mara tatu ukiacha nafasi kati yake. Ya kwanza izame, ya pili iwe juu kidogo, ya tatu juu zaidi. Zikiwa sawa zote, upepo hautunziki.

Tatu, gari likiwaka kanyaga ushikilie, zima bila kuachia, hesabu sekunde 30. Pedeli isipande wala isishuke.

Na ufungue masikio. Ukisikia "ssss" miguuni unapokanyaga na injini ikatetemeka au ikataka kuzima, mpira wa ndani ya busta umepasuka. Leta majibu.

Makorora Moja:

Shikamoo mzee wangu. Darasa hili silipati gereji yoyote. Nafanya kesho alfajiri kabla ya kazi.

Suka wa Horohoro:

Mzee kamaliza, ila niongeze kwa sisi wa dizeli. Nina Hiace injini 3L. Dizeli haina hiyo habari ya throto kuleta utupu, kwa hiyo kuna pampu ndogo ya vakyumu, imebebwa nyuma ya alteneta, inazunguka nayo na inakula oili ya injini. Mwaka juzi breki zilikaza hivyohivyo, nikabadilisha pedi, nikabadilisha mafuta, nikatoa upepo magurudumu yote manne, wapi. Kumbe nilibadilisha alteneta miezi miwili nyuma, niliyofungiwa ilikuwa na pampu iliyochoka. Taa ya chaji haiwaki, umeme unaingia vizuri, nani atashuku alteneta kwa ajili ya breki?

Spana Kumi na Mbili:

Umesema kweli tupu. Mwenye dizeli aanzie hapo.

Bao la Kete:

Kwa hiyo alteneta inafunga breki. Dunia ina mambo.

Mama Vitz:

Samahanini wenye uzi, niulize la kwangu hapahapa. Mimi nikikanyaga breki kisha nikawasha gari, pedeli inazama kidogo. Kila siku. Fundi kaniambia masta silinda inaanza kufa nijiandae na laki moja na nusu. Nikisimama kwenye taa haiendelei kuzama, inabaki palepale.

Spana Kumi na Mbili:

Mwanangu, hiyo ndiyo afya yenyewe, soma tena kipimo changu cha kwanza. Siku ikiacha kuzama ndiyo unipigie kelele. Ingekuwa inaendelea kuteremka polepole ukiwa umesimama kwenye taa mpaka ikaribie sakafu, hapo ningekubaliana na fundi wako. Laki na nusu yako weka kwenye vikoba.

Mama Vitz:

Alhamdulillahi. Ahsante baba.

Makorora Moja:

MREJESHO. Nimepima saa 12 asubuhi, gari limelala nje usiku kucha.

Kipimo cha kwanza: imeshuka. Cha pili: ya kwanza chini, ya pili juu, ya tatu juu zaidi. Cha tatu: nimehesabu mpaka 40, haikucheza. Hakuna "ssss". Yaani busta yangu nzima kuliko mimi. Nimechanganyikiwa kuliko jana.

Chungwa la Muheza:

Nilisema pedi.

Spana Kumi na Mbili:

Wewe Makorora, uliandika mwenyewe kwamba asubuhi breki ziko safi. Mgonjwa wa homa za jioni unampeleka hospitali asubuhi? Kosa langu pia, sikukuambia saa.

Endesha mpaka gari lipate moto wa haja. Ukifika usizime, liache kwenye silensa na AC inafanya kazi. Pedeli ikishakaza, hapohapo fungua boneti, usisubiri lipoe. Tafuta mtu akae mbele aangalie ule mpira unaotoka manifodi kwenda kwenye busta wakati wewe uko kwenye pedeli. Auangalie wote, mwanzo hadi mwisho, hasa unapopita karibu na injini. Na ndani ya mpira huo, au pale unapoingia kwenye busta, kuna vali ya njia moja. Ikiwa iko katikati ya mpira ina mshale. Mshale utazame injini.

Suka wa Horohoro:

Wakati tunasubiri, mkuu ulifanya kosa moja kule Soni ambalo madereva wengi tunafanya. Uliachia ukakanyaga tena. Pedeli inayozama ndiyo unaipampu ili ipande. Ngumu huipampu, kila ukiachia unatupa ule utupu kidogo uliobaki kwenye chungu. Kanyaga mara moja, kanyaga kwa nguvu zako zote, usiachie. Gia chini, handbreki taratibu huku kitufe umekibonyeza ili uweze kuilegeza, tairi za nyuma zisijifunge. Na usithubutu kuzima injini.

Hili la kuzima linanikera. Kuna ndugu zetu wakifika mteremko wanaweka nyutro na kuzima kabisa wabane mafuta. Una breki mbili au tatu tu za akiba kwenye chungu, baada ya hapo unakanyaga ukuta, na usukani nao unakuwa mzito. Lita moja ya mafuta unaibadilisha na korongo.

Bao la Kete:

Suka leo kavaa koti la trafiki.

Makorora Moja:

MREJESHO WA PILI. Nimeuona mchawi. Kaeni vizuri.

Nimetoka kazini, nimekwenda mpaka Pongwe, nikarudi, nikapita Majani Mapana kumchukua mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu ambaye anapenda injini kuliko vitabu. Kufika nyumbani pedeli imeshaanza kukaza. Nikaacha gari likiunguruma uani, AC imewashwa, dakika kama 20. Nikakanyaga: jiwe lilelile la Soni. Nikazima, nikakanyaga mara kadhaa, nikashikilia, nikawasha. Haikushuka hata unene wa kucha.

Nikamwambia kijana afungue boneti aangalie mpira. Kimya. Nikamuuliza, "Unaona nini?" Akasema: "Mjomba, huu mpira umelala."

Nikateremka. Wakuu, mpira wote uko sawa isipokuwa kipande cha kama shubiri moja hivi, pale unapopinda juu ya injini. Hapo umebonyea mpaka kuta zimegusana, bapa kama utumbo wa mbuzi uliokamuliwa. Nikaugusa kwa kitambaa, laini kama tambi zilizochemka. Mpwa wangu akazima injini. Tukasimama tunautazama. Haukurudi mara moja. Ulikaa, ukaanza kujaa taratibu kama godoro ulilonyanyukia, baada ya dakika chache ni mpira wa duara mzuri kabisa, hauna kasoro. Ndiyo maana mafundi watatu wameuona na hakuna aliyeushuku: gereji nafika, nazima, tunasalimiana, tunapatana bei, mpira umeshajaa.

Vali ipo, mshale unatazama injini. Nimeichomoa nikapuliza: nikipuliza kutokea upande wa busta hewa inapita, kutokea upande wa injini haipiti.

Spana Kumi na Mbili:

Safi sana. Mpe huyo kijana soda.

Sasa jiulize kwa nini Soni ilikuwa mbaya kuliko Chumbageni. Uliweka gia ya 2, mguu umetoka kwenye mafuta, injini inazunguka kwa kasi na throto imefungwa. Hapo ndipo utupu wa manifodi unapokuwa mkubwa kuliko wakati wote. Kwa mpira mzima hiyo ni neema, busta inashiba. Kwa mpira wako uliolainika, ndiyo ulinyonywa ukafunga njia kabisa. Gia uliyoweka ilikuwa sahihi, na bila hiyo tungekuwa tunaongea mengine. Usije ukaacha kuitumia.

Ila swali: huo mpira ni wa gari? Wa kiwandani haulali hivyo. Una ukuta mnene na uzi umesukwa ndani yake, na umefinyangwa tayari na kona zake. Tazama kama una maandishi au umekatwa mwisho kwa kisu.

Makorora Moja:

Mzee, hapo ndipo ninapoona haya.

Umekatwa kwa kisu. Mwezi wa 4 nilikuwa natoka Korogwe, gari likaanza kutetemeka kwenye silensa na kusikika linavuta upepo. Fundi wa barabarani akaona mpira wa asili umekauka na kupasuka. Akaniambia nisubiri atume kijana akalete wake. Ilikuwa Ijumaa, nina msiba Tanga, nikamwambia, na namnukuu mimi mwenyewe: "Weka wowote, bora tufike." Akaweka mpira alionao. Kwa kuutazama sasa ni mwembamba, hauna uzi wowote, nadhani ni wa mafuta au wa maji. Akaniambia, "Huu wa kufikia tu, kesho badilisha." Nikafika. Kesho yake ndiyo leo.

Kwa hiyo nilipokuwa nawalaumu mafundi watatu, wa nne ambaye hakukosea nilikuwa nimemsahau.

Chungwa la Muheza:

Nafuta kauli yangu ya pedi. Ila mkuu ungeuwekea springi ndani usilale, nimeona watu wanafanya hivyo.

Spana Kumi na Mbili:

Usifanye. Springi inakula mpira kwa ndani, vipande vinavutwa kuelekea manifodi, na waya ukikatika nao unakwenda hukohuko. Umeokoa elfu kumi umeua injini. Tafuta mpira wa busta, uwe mpya wa kazi hiyo au wa asili uliotolewa kwenye gari la aina yako, usiwe umekauka wala kulowa oili. Oili ya injini inalainisha mpira kuliko jua. Na ununue klipu mbili mpya.

Suka wa Horohoro:

Na kama ingekuwa kweli ni busta, mzee? Maana wapo watakaosoma huu uzi baadaye.

Spana Kumi na Mbili:

Basi kwanza ungejua kwa nini imekufa. Ukiona mafuta ya breki yanapungua kwenye kikombe na huoni tone popote, legeza nati mbili za masta silinda uivute mbele kidogo. Ukikuta nyuma yake pamelowa, sili ya nyuma ya masta imekuwa ikimwaga ndani ya busta, na mafuta hayo yanaharibu mpira wake. Ukibadilisha busta peke yake, mpya nayo itakufa. Sisi wa huku kuna na kutu: hewa ya chumvi inakula bati pale chini maji yanapotuama.

Kufunga si kazi ya kutisha. Ndani ya gari, juu ya pedeli, kuna nati nne, kwa Toyota nyingi ni spana namba 12 (sasa mmejua jina langu limetoka wapi), na pini inayoshika pedeli. Masta unaweza kuisogeza pembeni bila kufungua paipu zake ukiwa na subira. Wengi wanakosea kwenye kile chuma kinachotoka busta kusukuma masta. Lazima urefu wake upimwe. Kikizidi urefu hata kidogo, masta hairudi mwisho, breki zinajishika zenyewe kadiri gari linavyopata moto, unafika Segera magurudumu yanatoa moshi. Kikipungua, pedeli inakuwa na safari ndefu kabla ya kushika.

Na mwenye busta nzima, mpira mzima, vali nzima, lakini pedeli bado ngumu, arudi kwenye injini. Injini inayovuta upepo mahali, au iliyopangwa taimingi vibaya, haina utupu wa kugawa. Au ashuke kwenye magurudumu: kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) zilizoganda, na ile mipira ya breki inayoingia gurudumuni ikiziba kwa ndani. Nimechoka kuandika, nina gari la watu hapa.

Mama Vitz:

Ahsante baba, nimehifadhi huu uzi wote.

Makorora Moja:

MREJESHO WA MWISHO, INSHAALLAH.

Nimezunguka maduka ya spea Ngamiani, duka la kwanza walinipa mpira mwembamba kama ule ule, nikaukunja mbele ya muuzaji ukabonyea, nikamrudishia. Nimeupata wa asili kwenye gari lililokatwa, una uzi ndani na kona zake, 15,000. Klipu mbili 2,000. Kuuvua wa zamani ilikuwa kazi ya kisu, umegandia kwenye manifodi kama ubani kwenye chetezo. Vali nimeirudisha, mshale kwenye injini, nimeukagua mara tatu. Jumla dakika 25 pamoja na kutafuta klipu iliyodondoka.

Nimepima baridi: iko sawa. Nimekwenda Muheza na kurudi saa 8 mchana, nikaacha linaunguruma na AC nusu saa. Kila baada ya dakika tano nakanyaga. Laini. Pedeli inashuka, inashika, gari linainama mbele kama linasujudu. Nikazima, nikapima vyote vitatu na moto wake: vimepita. Mpwa wangu alikuwa ameshika mpira mkono mzima kwa kitambaa, anasema hautikisiki.

Jumapili nimerudi Soni peke yangu, nikashuka hadi Mombo kwa gia ya 2 bila mzigo, kisha nikapanda tena nikashuka mara ya pili na mawe manne kwenye buti. Hakuna kitu. Kwa yule fundi wa barabarani nimesimama njiani kumwambia samahani. Hakunikumbuka, ila alifurahi.

Mzee Spana, nikipita Ngamiani nitakutafuta nikuletee japo kahawa.

Spana Kumi na Mbili:

Kahawa na kashata.

Bao la Kete:

Na shemeji je?

Makorora Moja:

Nimemwambia limepona. Kasema safari ijayo atapanda mpaka Mombo. Kutoka hapo kwenda juu anapanda nami, ila kushuka bado anafikiria.

Chungwa la Muheza:

Mkuu ile busta ya nyuma ya mlango unauzaje? Jirani yangu ana Carina kama yako, anasikia "ssss" miguuni na gari linataka kuzima akikanyaga.

Makorora Moja:

Nilinunua 120,000, chukua kwa 80,000. Ila mwambie aje na gari lake likiwa linawaka. Tunachomeka mpira wake kwenye hii kwanza, tusikilize kama inavuta, ndiyo atoe hela.